Jua Lilipopatwa Ceduna na Neno Lililonitoka

Tangu nirudi Ilford, kila anayenikuta mlangoni mwa madrasa au kwenye foleni ya buchani ananiuliza swali moja: ilikuwaje, Maalim, hata Idi ikataka kutuharibikia kwa simu yako? Wengine wanauliza huku wanacheka. Wengine hawacheki. Nimeona niandike mara moja, hatua kwa hatua, nisije nikaongeza chumvi kila ninapohadithia. Namshukuru Mola aliyenifikisha kusini mwa dunia katika uzee wangu, akanirudisha nikiwa na afya na rafiki yuleyule niliyeondoka naye.

Kwa asiyejua mwanzo wake, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2001 sisi jamaa wa Ilford, mashariki mwa London, tulisali Idi mbili. Waliosikia kwamba mwezi umeonekana nchi nyingine walifungua, na waliosubiri kuuona wenyewe wakafunga siku moja zaidi. Binti yangu Zuhura alikula pilau jikoni, mumewe yuko sebuleni amefunga. Watoto walitutazama wakubwa zao, sikujua niwaambie nini.

Mwaka uliofuata, 2002, mwisho wa Ramadhani uliangukia siku ya kupatwa kwa jua. Huku Uingereza kusingeonekana, ila kusini mwa Australia jua lingefunikwa lote, Jumatano jioni, siku yetu ya ishirini na tisa ya kufunga. Nikawaambia wenzangu: jua halipatwi ila mwezi usimame mbele yake. Mwezi uliosimama mbele ya jua hauwezi kuandama jioni hiyo hiyo tukauona. Kwa hiyo Alhamisi tufunge, tutimize thelathini, na Idi iwe Ijumaa kwa wote.

"Hizo hesabu za vitabu," wakasema. "Sisi tunataka jicho la mtu."

Basi nikajitolea jicho langu. Ustadh Mbarouk, imamu wetu, alisimama baada ya swala akapatanisha pande zote mbili: Maalim atakwenda, na akiliona jua limefunikwa atapiga simu kwa Zuhura aseme maneno mawili tu, "jua limepatwa". Tukiyasikia hayo, Alhamisi tunafunga sote. Wakaitikia. Sikumbuki mara nyingine tuliyoitikia kwa sauti moja namna ile.

Maneno mawili tu. Yakumbukeni.

Kutoka Ilford mpaka Heathrow

Rafiki niliyesafiri naye ni Kantilal wa Queensbury, upande wa pili wa London. Ni Mhindu, mzaliwa wa Chake Chake, Pemba, ambako baba yake alikuwa na duka la vyakula, na Kiswahili chake ni cha huko hasa. Tangu astaafu amepagawa na nyota. Mwaka 1999 alinichukua mpaka Cornwall tukalitazame jua likipatwa, tukaona mawingu, tukaloa, tukarudi. Mimi nimefundisha swala ya kupatwa kwa jua miaka mingi, lakini nilikuwa sijapata kuisali jua likiwa limefunikwa lote juu ya kichwa changu. Kwa hiyo safari hii kila mmoja wetu alikuwa na haja yake, na ya jamaa ikawa juu ya zote.

Mkewe, Bi Hansa, alitufuata uwanjani na mfuko wa chapati za majani ya methi na chevda, vile vitafunio vyao vya chumvi.

"Maalim, hizi za kwako usiku, za Kanti mchana," akasema. "Na wewe Kanti, usile mbele ya mtu aliyefunga kama huna haya."

"Msafiri ana ruhusa ya kula, Mungu wake kamruhusu," Kantilal akajitetea.

"Kamruhusu yeye, hakukuruhusu wewe kumtafunia sikioni."

Singapore, ndege isiyoondoka

Tulitua Singapore salama, na hapo tukakwama. Kwanza walisema mvua. Halafu wakasema kifaa fulani cha ndege kinabadilishwa. Ubao wa safari ukawa unasogeza saa mbele, kila tukiutazama umesogea tena. Tulikuwa tumejiwekea siku nzima ya akiba, na pale kwenye viti vya plastiki tukaitazama akiba ile inayeyuka. Kantilal alikaa amekumbatia sanduku la darubini kama mgonjwa wake.

"Sheikh, tukikosa hii ya leo tumekosa na jua," akasema.

Nilikuwa nimechagua kufunga, ingawa ruhusa ninayo. Magharibi ilipokaribia, mzee mmoja mfagiaji, Mmalai, aliiona kofia yangu, akanitolea salamu, akanishika mkono bila maneno mengi. Akatupeleka chumba cha nyuma ambako wafanyakazi husali. Palikuwa na sufuria ya uji wa mchele wenye tangawizi, wakatujazia bakuli, na Kantilal naye wakamjazia. Hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa vipande vya Kiarabu. Nikaonyesha juu, nikasema Australia.

"Hilal?" akauliza, macho yakimng'aa. Mwezi mwandamo?

"La," nikamwambia. "Shams." Si mwezi, ni jua.

Nikafunika ngumi moja kwa kiganja cha mkono wa pili. Akaelewa, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mara nyingi baadaye nimejiuliza: kwa mgeni yule nilipima maneno yangu vizuri, kwa nini kwa binti yangu sikupima?

Adelaide na mswaki wangu

Tulifika Adelaide tumechelewa siku nzima. Pale uwanjani kulikuwa na mbwa wa kunusa mbegu na mimea ya nje, ambayo nchi ile haitaki iingie, naye akaja akakaa miguuni pangu.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole lakini hakucheka. Mwaka ule watu wenye ndevu na kanzu tulitazamwa mara mbili kila uwanja, na mwenzangu ana sanduku refu la chuma. Akaniuliza nina chakula gani. Nikamtolea chapati, akazipitisha, kisha tende. Akauliza kama zina mbegu. Nikasema kila tende ina kokwa, ndivyo ilivyoumbwa. Kisha akatoa mswaki wangu wa mti, akaushika kwa ncha za vidole.

"Hiki ni nini?"

"Mswaki. Wa meno."

"Ni mti."

"Ni mti, ndiyo."

"Umetoka nchi gani?"

Hapo sikujua. Niliununua Ilford, kwa muuzaji aliyesema umetoka Pakistani, lakini muuzaji yule husema lolote. Nikasema ukweli, kwamba sijui. Akaita mkubwa wake. Mkubwa wake akaita mwingine. Tukakaa benchi, Kantilal akiitazama saa ya ukutani na mimi nikivuta tasbihi. Baada ya muda mrefu walichukua mswaki, wakachukua tende zote, wakatuachia darubini bila hata kuifungua.

"Wamekunyang'anya silaha, Sheikh," Kantilal akanong'ona tukiwa nje, na hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza tangu London.

Barabara ya Ceduna

Mji tuliouendea unaitwa Ceduna, uko pwani, mbali magharibi ya Adelaide. Kantilal aliendesha gari la kukodi, mimi nikasoma ramani. Barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Pande zote ni mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa, na matangi ya maji, na nzi. Tulipishana na magari ya watu wenye darubini kama sisi, na kila aliyetupita alitupungia mkono.

Usiku ulitukuta njiani, katika mji mdogo usio na chumba hata kimoja. Wanawake wa kanisa walifungua ukumbi wao wageni walale sakafuni. Bibi mmoja aliponiona nimeamka alfajiri kula daku, alidhani nimekosa usingizi kwa njaa, akaniletea mkate na mayai, akakaa mbele yangu mpaka nimalize. Nilimweleza kwamba sasa sitakula mpaka jioni. Akasema, "Basi kula lingine." Mungu amlipe.

Asubuhi ile nikamkaribisha Kantilal chapati za mkewe. Akakataa.

"Leo mimi pia sili," akasema. "Jua likipatwa, kwetu hatuli mpaka liachiwe, na tuoge kwanza. Mama yangu alikuwa anamwaga hata maji ya mtungi."

"Basi leo tumefunga sote."

"Leo tumefunga sote, Sheikh. Usimwambie Hansa, atataka nifunge kila siku."

Shamba lililovunwa

Tulipofika karibu na Ceduna mchana, mawingu yalikuwa yamepanda kutoka baharini. Nilikumbuka Cornwall. Safari hii si mimi tu ningerudi mikono mitupu: bila jicho langu, watu wangu wangerudi kwenye Idi mbili, na kila nyumba ingegawanyika tena.

Tukaegesha kwenye shamba lililofunguliwa kwa ajili ya watu. Mama mwenye shamba, mnene, mwenye kofia ya majani, alikuwa akichoma soseji na kuwauzia wageni. Alituona hatuli, akadhani tumechukizwa na nguruwe. Kantilal akamweleza kwamba yeye hali kwa sababu ya jua, na mimi sili kwa sababu ya mwezi. Yule mama akatutazama mmoja baada ya mwingine, akamwambia mumewe, "Hawa wawili wanaamini vitu vyote vya juu."

Jua lilipoanza kumegwa, tuliliona kwa vipande, wingu linalifunika na kulifunua. Nikatandika mswala juu ya mabua, nikasali rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Mabua yalinichoma paji la uso. Nilipotoa salamu, jua lilikuwa limebaki kipande chembamba, na wingu zito likawa linalielekea.

Upepo ukawa wa baridi. Kantilal alikuwa akisema, "Ondoka, ondoka," kwa wingu, kama anafukuza mbuzi.

Likaondoka. Ukingo wake ulipita, na giza likatushukia kwa mara moja, na pale pa jua pakawa na duara jeusi, jeusi kuliko kitu chochote nilichokiona, limezungukwa na nuru nyeupe kama nywele zinazopeperuka. Lile halikuwa jua. Ule ulikuwa mwezi wenyewe, mwezi ambao katika maisha yangu yote nimeungoja uchomoze ukiwa mpya, na kumbe kabla ya kuwa mpya unakuwa hivi. Ilidumu kwa muda wa kusoma sura fupi. Kisha tone la mwanga likachomoza pembeni, watu wakapiga kelele, na Kantilal alikuwa analia bila kujificha.

Nikamwendea yule mama wa soseji, nikamwomba simu yake ya mkononi. Akanipa bila kuuliza napiga wapi. London ilikuwa asubuhi, na Zuhura alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

"Zuhura! Nimeuona mwezi!"

"Baba? Umeuona?"

"Wallahi nimeuona, kwa macho yangu haya!"

"Alhamdulillahi! Baba, nawaambia sasa hivi?"

"Waambie! Ulikuwa mwe..."

Simu ikakatika. Shamba zima lilikuwa linapiga simu. Nikamrudishia mama simu yake, nikamshukuru, nikaenda kukaa karibu na gari nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Australia.

Jua lilizama bado limemegwa, pembe mbili zikielekea juu. Nikafungua kwa maji. Kantilal akasubiri lipotee kabisa, akajimwagia chupa ya maji kichwani hapo hapo shambani, akawa anajifuta kwa shati.

"Umempata Zuhura?"

"Nimempata."

"Umemwambia jua limepatwa?"

"Nimemwambia nimeuona mwezi."

Akaacha kujifuta. "Sheikh. Leo mwezi ngapi?"

"Mwezi ishirini na tisa."

"Na mtu akikwambia, mwezi ishirini na tisa Ramadhani, magharibi, kwamba kauona mwezi, wewe unaelewa nini?"

Chapati niliyokuwa nimeishika niliirudisha mfukoni.

"Maneno hayo baba yangu aliyangoja dukani mwaka mzima," akasema. "Yakipita njiani tu, sukari yote imekwisha. Na wewe ukaapia?"

"Nikaapia."

Simu ya barabarani

Mama wa soseji alikuwa ameshaondoka. Magari yote yalitaka kutoka shambani kwa lango moja. Tukakaa kwenye foleni ile, taa nyekundu mbele yetu mpaka mwisho wa macho, na kila dakika nilimwona Zuhura akinyanyua simu. Angempigia Ustadh. Ustadh angewapigia wazee. Watu wangepiga simu makazini kuomba Alhamisi yao. Kina mama wangeloweka mchele. Habari ingevuka mpaka kwa ndugu zetu wa Thornton Heath. Na siku moja ya Ramadhani, siku ya faradhi, ingeliwa mchana kweupe kwa kiapo changu.

Kituo cha mafuta kilikuwa na simu ya kadi, na watu wamepanga mstari. Zamu yangu ilipofika nikampigia Zuhura: inatumika. Ustadh: inatumika. Madrasa: inatumika. Nilijua kwa nini zinatumika. Walikuwa wanapongezana.

Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa.

"Mpigie Hansa," Kantilal akasema.

"Bi Hansa atafanya nini?"

"Wewe mpigie."

Akaitikia mara moja. "Maalim! Mmeliona?"

"Tumeliona. Bi Hansa, nisikilize. Nimewaambia Ilford nimeuona mwezi. Wameelewa mwandamo. Niliouona ni mwezi mweusi, ule uliofunika jua. Kesho bado ni Ramadhani. Simu zao hazipatikani."

Hakuuliza mara ya pili. Yeye pia alikua Pemba. "Mwezi mweusi, si mwandamo. Kesho wafunge."

"Hivyo hivyo."

"Nina viazi motoni, nazima. Nakwenda mwenye..."

Kadi ikaisha. Dukani kadi zilikuwa zimekwisha pia.

Siku ya thelathini

Alhamisi alfajiri mwenye kambi tulikolala alituuzia kadi kabla hajavaa viatu. London ilikuwa bado Jumatano, jioni. Nilipiga kwa Zuhura, ikaita bila kujibiwa: yuko kazini. Nikapiga kwa Ustadh, ikaita, ikaita. Nikasimama na mkono wa simu sikioni nikipima. Saa ile ni saa ya tarawehe. Kama wako msikitini wanasali tarawehe, basi Ramadhani ingali ipo. Na kama hawajibu kwa sababu nyumba imejaa wageni na vikombe vya kahawa? Kimya cha simu ni kilekile.

Nilifunga siku ile kuliko siku zote nilizowahi kufunga. Mchana wetu kwao ni usiku, sikuweza kumpigia mtu. Kantilal alinunua samaki akamrudisha kwenye barafu, akasema atamla jioni, kwa kuwa kula peke yake kumemchosha. Tulikaa ufukweni. Sikuwa na la kufanya ila kuomba, nikaomba: Mola wangu, nilikosea ulimi, usiwaadhibu kwa ulimi wangu.

Jua likazama, mawingu hayakuwepo. Tukatazama palepale lilipozama. Kantilal ndiye aliyenyoosha kidole kwanza, na nilipoufuata nikauona, mwembamba kama kipande cha ukucha, umelala chali juu ya maji. Nikasoma dua yake. Kisha nikaenda kwenye simu. Zuhura akajibu kwa sauti ya mtu mwenye usingizi.

"Zuhura, mwanangu. Nimeuona mwezi."

Nikasikia anaketi kitandani.

"Baba," akasema, "mweusi au mweupe?"

Nikaegemea ukuta wa kile kibanda. Alijua ninachongoja kusikia, akanihadithia.

Alisema jana yake mchana madrasa ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa wameshaomba ruhusa makazini, kina mama wanasugua sakafu kwa ajili ya Idi. Mara mlango ukafunguliwa akaingia Bi Hansa, sari yake imelowa mvua, ndala za jikoni miguuni, amebadilisha treni kutoka Queensbury mpaka Ilford bila koti. Akasema aliyoagizwa, neno kwa neno. Mzee mmoja akasimama: shahidi wa mwezi lazima awe Muislamu, huyu mama hawezi kutuletea mwezi.

"Mimi sikuleta mwezi," Bi Hansa akamjibu. "Nimekuja kuuchukua."

Ustadh Mbarouk aliinamisha kichwa, na Zuhura anaapa mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kisha akanyanyua uso, akasema kiapo changu kimefafanuliwa, mwezi haukuandama, na anayetaka kubishana abishane baada ya kufunga thelathini. Hakuna aliyebishana. Walimkalisha Bi Hansa karibu na joto, wakamtafutia soksi. Wale walioomba ruhusa makazini ilibidi wapige simu tena waombe Ijumaa, na mabosi wao, nadhani, mpaka leo hawajaelewa.

"Nyote mmefunga leo?" nikauliza.

"Sote, Baba. Na mume wangu yuko hapa hapa ananisikiliza, naye kafunga. Sasa jibu nilale. Mweusi au mweupe?"

Nikachungulia nje ya kibanda. Ulikuwa umekaribia kuzama, na Kantilal amesimama chini yake na samaki wake mkononi, akinisubiri.

"Mweupe," nikamwambia. "Lowekeni mchele."